Maboga Yangu Yenye Meno

Ulikuwa ule mwaka tuliokula boga na chai asubuhi, boga mchana, na jioni boga limepondwa na karanga, kwa sababu mahindi yaliungua na jua kabla ya kubeba. Huku kwetu Mbozi ukimtajia mtu mwaka wa maboga, anaujua. Wajukuu wangu walikuwa wakiiona sufuria inawekwa jikoni wanaanza kulia. Nikawalisha hivyo hivyo. Lakini yale ya mbegu, yaliyolala juu darini yakipigwa na moshi, hakuna mkono ulioyagusa.

Mvua zilipokaribia akaja mkwe wangu kutoka Tunduma, mke wa mwanangu wa mwisho. Anakata tiketi kwenye bustani moja ya michezo ya watoto, yenye mabembea ya umeme na treni ndogo. Alitazama darini kabla hajamaliza kunisalimia, nikajua huyu hakunifuata mimi.

"Mama, bosi anatafuta maboga mazima yenye vikonyo. Sokoni hayapo."

"Anataka kumlisha nani?"

"Hayaliwi. Ni mapambo."

Mtu anayetafuta chakula halafu asile, mimi namtazama mara mbili. Tulizungushana mpaka chai ikapoa. Mwisho nikasema: nyama yenu, mbegu zangu. Akaapa. Na mimi na binti yake mdogo tungeingia huko bure. Huyo mtoto yuko darasa la pili na anasoma maandishi ya ubavuni mwa basi huku basi linakwenda. Mtoto wa namna hiyo humnyimi bembea.

Sasa, kwetu boga la mbegu hulipasua aliyelipanda. Analionja kwanza, likiwa bichi. Likiwa tamu, mbegu zake anazipaka majivu na kuziweka. Likiwa chungu, anazimwaga zote, maana boga chungu huzaa chungu, na ukiipanda hiyo mbegu utalisha nyumba yako uchungu mwaka mzima. Mkwe wangu amekulia mjini. Boga analijua likiwa kwenye sahani, nami sikukumbuka kumweleza hayo.

Siku yenyewe tukafika bustanini jua linashuka. Langoni wameweka jeneza, miguu ya plastiki imetokeza nje. Nikamshika mtoto mkono. Huko ninakotoka jeneza halichezewi. Juu ya miti wametandaza pamba iwe utando wa buibui, na mashuka yenye macho yananing'inia kama nguo za mtu aliyekimbia nyumba. Mjukuu akalisoma bango bila kukwama: Halowini.

"Ni sikukuu ya Wazungu ya kutishana," mkwe akanieleza.

"Kwa hiyo hawa wote wamelipa ili watishwe? Tunduma hii hakuna vitisho vya bure?"

Akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa natafuta maboga yangu kwa macho.

Nikayaona yamepangwa juu ya ukuta, yametobolewa macho, yamechongwa meno, ndani mishumaa. Moja limekenua vile vile kama marehemu mume wangu alivyokuwa akikenua ukimwomba hela ya chumvi. Hapo nikacheka, sitaficha. Na ule mwanga ulivyopita kwenye nyama ya boga, rangi ile, ulipendeza. Mtoto alikwenda kwenye kila moja akiliamkia shikamoo. Lakini moyo wangu haukukaa. Uso wameuchonga vizuri, tumbo wamelipeleka wapi?

Bosi akaja mwenyewe, kijana mnene mwenye tabasamu, amebeba ndoo.

"Shikamoo bibi. Mbegu zako hizi, tumeziosha kabisa."

Nikachungulia. Ndoo imejaa, mbegu nyeupe, safi, zote pamoja.

"Marahaba. Za boga lipi ni zipi?"

"Bibi, mbegu ni mbegu."

Nikamwachia ndoo yake mkononi. Nikaenda ukutani, nikafungua kifuniko cha lile lililokenua kama marehemu, nikatoa mshumaa, nikakwaruza ndani kwa ukucha na kulamba. Tamu. Nikaenda la pili. Watu wakaanza kutoa simu.

"Bibi anambusu shetani," kijana mmoja akasema.

"Shetani mwenyewe nimempanda mimi," nikamjibu. "Wewe umepanda nini?"

Mjukuu akanishika kitenge. "Bibi, usiingize mkono mdomoni mwake, litakuuma."

La nne likanikunja ulimi. Chungu kama dawa ya minyoo. Nikatema pale pale, nikaendelea kuonja mpaka la mwisho. Matamu, nilirudi kwenye kila moja na kupitisha vidole ndani, maana wachongaji hao hawakukwangua mpaka mwisho. Mbegu chache zilikuwa bado zimeng'ang'ania kwenye nyuzi. Nikazifunga kwenye pindo la kitenge, za kila boga na fundo lake. Hazikutosha hata robo ya shamba langu.

Bosi alikuwa bado amesimama na ndoo. "Bibi, unaacha zote hizi? Chungu ni moja tu."

"Nioneshe zake humo ndani."

Akaitazama ndoo, akazikoroga kwa kidole.

"Sipandi nisichokionja," nikamwambia.

Mkwe wangu akanivuta kando, jasho linamtoka. "Mama, nakuomba. Ameziosha kwa mikono yake mbele ya wafanyakazi. Zipokee tu, ukifika nyumbani uwape kuku. Mimi nafanya kazi hapa."

Nilimwonea huruma, ni mkwe mzuri. Lakini mwaka ule kila nyumba kijijini ilikuwa inatafuta mbegu. Ndoo ile ikivuka mlango wangu, jirani angeomba kiganja, nami ningeona haya kumnyima, na uchungu ungelala katika mashamba ya watu kwa jina langu. Nikageuka kwa bosi, nikasema kwa sauti ambayo waliopanga foleni ya treni waliisikia:

"Sipandi nisichokionja."