Vespa Iliyowekwa Kwenye Akiba

Mie hakuna kitu duniani cha kunishangaza. Nimetoka Unguja na darasa la tatu na mashati mawili, nikafika Maskati nikapika chai katika ofisi za watu, nikabeba matairi begani Wadi Kabir jua la saa saba, na leo nna maduka matatu ya spea na nyumba Mabela yenye vyoo sita. Mtu aliyepita nilikopita mie utamletea habari gani mpya? Wasomi waliniita farashi wao, tarishi wa chai, kisha mie nikawaandika kazi. Nimeviona vyote.

Na vyote vilianza na vespa.

Niliinunua mwanzoni mwa miaka ya tisini kwa fundi cherehani wa Kihindi aliyekuwa anarudi kwao. Ya kijani, ubavu umebabuka, kiti kimechanika. Maskati si mji wa vespa. Barabara ni pana, magari yanakupita hayakuoni, na kiangazi usukani unaunguza viganja. Watu wakanicheka, nikawaacha wacheke. Ile vespa nikiijua kuliko ninavyomjua mke wangu. Oili nikiichanganya na petroli mwenyewe, naipima kwa kikombe cha kahawa. Ikizidi inatoa moshi kama tanuri la chokaa, ikipungua injini inakwama. Plagi nikiisugua kwa mswaki wa zamani, pengo lake nikilipima kwa kipande cha boksi la sigara. Waya wa klachi ukinikatikia njiani, nafunga mwengine hapo hapo nikiwa nimechutama, magari yananipigia honi na mie nawatukana. Nyuma nilifunga kasha la plagi na mikanda ya feni, nikizungukia gereji moja baada ya nyengine. Mwaka wa pili nikafungua duka. Wa tatu nikanunua pikapu.

Ndipo akaja shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo. Mwalimu. Kiingereza kinamtoka kama maji, na vyeti kavitia ndani ya bahasha, bahasha kaitia ndani ya mfuko wa plastiki, usiku analala nao chini ya mto. Wakakaa kwangu, chumba cha uani, wakila kwangu. Kazi akawa hapati. Mie, sisemi uongo, nikaona raha. Kila siku sinia likiwekwa chini nna neno langu.

"Mwalimu, hebu tufundishe. Wali unaandikwaje kwa Kiingereza?"

Akitaja herufi moja moja, taratibu, kama yuko darasani. Wanangu wameshaanza kucheka.

"Ahsante. Sasa jipakulie, maana huo ulioandika haushibishi."

Dada yangu akiinamisha kichwa, anauchambua mchele uliokwisha kupikwa.

Akawa anaiazima vespa. Hakuja mwenyewe. Akimtuma dada, naye alijua pa kuniombea: mbele ya mama yetu, au mbele ya wageni, sinia la kahawa mkononi. "Kaka, shemeji yako ana safari kidogo kesho, na pikapu ndiyo unayopanda wewe." Nitasemaje? Ni muhali. Mtu wa kwetu anaweza kukunyima kila kitu moyoni mwake, lakini mdomo wake haujui kusema hapana mbele za watu. Nikajibu, "Chombo chenu hicho." Kisha nikatafuta njia ya kuifanya vespa iseme hapana kwa niaba yangu.

Chini ya kiti cha vespa pana kijiti cha petroli. Kina vituo vitatu: kufunga, kufungua, na akiba. Petroli ikikata njiani unakigeuza kwenye akiba, na kile kidogo kilichobaki chini ya tangi kinakufikisha pa kujazia. Aliyepata kupanda vespa hata siku moja anajua. Basi mie nikilinyonya tangi kwa mpira mpaka pabaki pa kulamba, na kijiti nikakigeuza kwenye akiba tangu uani, njiani asiwe na cha kugeuza. Kisha naipiga kiki mwenyewe, namkabidhi inanguruma. Akaona namfanyia heshima.

Na hapo ndipo nilipomjulia. Kwetu chombo cha kuazimwa hakipekuliwi mbele ya mwenyewe. Kufungua tangi la mtu naye amesimama anakutazama ni sawa na kuhesabu fedha za tunzo mbele ya aliyekutunza. Mtu aliyelelewa hafanyi, na yule bwana alilelewa. Jengine tena: chombo cha watu hurudishwa kimejaa. Kwa hiyo shemeji akenda, akaishiwa, akaisukuma, akajaza tangi kwa visenti vya dada yangu vya kushona kofia, na oili akaichanganya sawasawa. Jioni ananirudishia funguo kwa mikono miwili. "Ahsante shemeji. Chombo kizima." Mara mbili nikamfanyia, na mara mbili nikaiacha pikapu, nikapanda vespa wiki nzima kwa petroli yake. Nikaona kumbe hata kusoma nimesoma mie.

Mara ya tatu ilikuwa na uzito. Aliitwa kwenye usaili katika hoteli moja kubwa upande wa Bustan, saa nne asubuhi. Walitaka mtu wa ofisi anayejua kuandika barua za Kiingereza. Mshahara wa kupangia nyumba. Dada yangu alikuwa na mimba ya kwanza, na usiku ule nilimsikia jikoni akimwambia mama, "Tukipata vyumba viwili tu, mama, nikazalie kwangu." Kwangu! Kama kwamba kwangu mie si kwake. Lakini nitasema kweli yangu: nilipenda kuwa na mwalimu anayekula mkononi mwangu. Nikaona anataka kuniponyoka.

Asubuhi nikaamka mapema, nikalinyonya tangi. Nikakigeuza kijiti. Akatoka kavaa koti la harusi yake na tai, katika joto la Agosti, mfuko wa vyeti kautia kifuani. Nikaipiga kiki, nikamkabidhi.

"Yallah, meneja. Usitusahau."

"Niombee, shemeji."

"Nakuombea."

Kisha nikapanda pikapu nikamfuata, maana nilitaka kuona.

Ilimzimikia katikati ya mlima wa kwendea Bustan, bado anapanda. Nikaweka pikapu kando, mbali kidogo. Nikamwona anashuka, anatia mkono chini ya kiti, kisha mkono ukabaki pale pale muda mrefu. Kisha akafanya tunavyofanya watu wa vespa: akailaza ubavu ili tone la mwisho litiririke, koti na yote, akaikumbatia kama mgonjwa. Ikawaka, ikaenda hatua mia, ikafa. Akaanza kusukuma. Mlima ule hata pikapu yangu ikiupanda kwa gea ya pili.

Nikampita. Nikampigia honi mara mbili, nikacheka peke yangu ndani ya pikapu. Akaniangalia, jasho linamtiririka, ubavu mzima wa koti una oili, akaninyanyulia mkono kunisalimia.

Akarudi baada ya Adhuhuri. Tangi limejaa, vespa kaiosha.

"Vipi, umekuwa meneja?"

"Si riziki yangu, shemeji. Nimefika wamekwisha kumpata mtu."

"Ungefika mapema."

"Ningefika mapema," akasema, akanipa funguo kwa mikono miwili.

Dada alizalia kwangu. Shemeji nikamtia dukani kwangu, kaunta, kwa mshahara wa Mhindi aliyeshuka uwanja wa ndege jana yake. Miaka minne akafunga plagi katika karatasi. Nikiwaambia wateja, "Huyu ana diploma, mwambie chochote." Mwisho akapata ukarani wa ghala, wakapanga Hamriya, vyumba viwili. Siku wanahama nikampa ile vespa, mbele ya watu wote, kwa kelele. Nilikwisha nunua gari kubwa, mie vespa ya nini? "Chukua, mwalimu, sadaka."

Miaka ikapita. Nilipomaliza nyumba ya Mabela, nikawaza: majilisi ya wageni ina mazulia, ina mataa, ina kila kitu, haina kitu cha kumwonyesha mgeni nilikotoka. Nikataka vespa yangu. Nikenda Hamriya na riali mia nne mfukoni.

Niliikuta uani imefunikwa shuka safi. Akaifunua. Wallahi, ilikuwa nzima kuliko siku niliyoinunua. Kijani kile kile, kiti kimeshonwa upya, waya zote mpya. Dada alikuwa kizingitini. Hakusema karibu.

"Nakupa mia nne," nikasema. "Chuma hiki hata mia hakifiki, lakini wewe mtu wangu."

"Ulinipa bure, shemeji. Nitakuuziaje kitu ulichonipa bure?"

"Basi nichukue tu?"

"Chukua. Nilipe petroli tu."

Nikacheka. "Petroli gani? Ya leo?"

"Ya siku ya Bustan." Akainama, akagusa kile kijiti chini ya kiti kwa kidole kimoja. "Nilipotia mkono kukigeuza, nilikikuta kishageuzwa. Kama ile mara ya kwanza, na kama mara ya pili. Nilidhani siku ya usaili hutonifanyia."

Nikakitazama kile kijiti.

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Nilikuwa nakula kwako."

Akanitajia kiasi alichojazia siku ile. Hakufikiri, hakuinua macho kutafuta, alikuwa nacho. Nikatoa noti ya riali moja, baisa elfu nzima, nikamwambia iliyobaki aiache. Akakataa. Dada yangu akaingia ndani, akatoka na kopo la sukari, akanihesabia chenji kiganjani bila ya kunigusa: baisa mia, hamsini, kumi. Akarudi ndani. Mabela hajatia mguu mpaka leo, na mama alipofariki alikaa matanga kwake.

Shemeji akanisaidia kuipandisha vespa kwenye gari. Niliposhika usukani nikaona tangi zito. Alikuwa kalijaza.

Sasa imo majilisini, juu ya jukwaa la marumaru, taa inaimulika. Wageni wakikaa, macho yanakwenda huko kwanza. Huniuliza imenigharimu kiasi gani, nami huwajibu mia nne, nao hutikisa vichwa. Hawajui. Ilinigharimu baisa mia nane na arubaini.