Mtoto wa Mtama

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka sitaisahau: siku niliyotoka Homa Bay kwa miguu kukufuata kwa nyanya yako kule Suna, nikaishia Rangwe.

Ulikuwa umepelekwa huko kuachishwa kunyonya, kama wanavyofanya watu wetu. Halafu zikaja mvua za mwaka ule. Ziwa likapanda, madaraja yakasombwa, mabasi yakasimama. Katikati ya hayo mpita njia akaleta habari: mjomba wako amepata shamba upande wa Tanganyika, akishavuna atahama na mama yangu, na wewe pia. Nikamwambia shemeji, ndugu wa baba yako. Akajibu huku anachokoa meno, "Mtoto si yuko kwa nyanya yake? Ngojea daraja." Nilitamani kummwagia uji. Kungojea daraja ni kazi ya wasiozaa.

Basi alfajiri nikavaa raba zangu za shule, nikaondoka mbio mbio, bila kula, bila kuaga mtu. Jua lilipopanda, visigino vilikuwa vimechubuka. Pale Rangwe nilikaa kando ya barabara, sina mbele sina nyuma, kisha nikarudi nikichechemea.

Mama mkwe wangu alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu. Amepanda milima ya Kisii na kikapu kichwani tangu sijazaliwa. Aliniwekea miguu kwenye maji ya chumvi, wala hakusema pole.

"Nyar Suna," akasema, yaani binti wa Suna, maana aliniita kwa jina la kwetu, "ungefika, ungerudije na mtoto mgongoni? Au ulitaka akubebe wewe?"

"Mama, watavuna waende naye."

"Mtama haujachanua bado. Wewe unawaza kwenda. Mimi nawaza kurudi."

Miguu ilipopona akatia mtama kidogo ndani ya leso, akaufunga mgongoni mwangu kama mtoto, akaniambia nimfuate mpaka sokoni na kurudi. Basi, hayo tu. Nilikasirika sana. Nimesoma mpaka sekondari, halafu natembezwa na nafaka! Wanawake kisimani wakapata la kucheka.

"Nyar Suna, amelala?"

"Huyu mtoto mbona halii?"

Kila alipoona sihemi, mama mkwe aliongeza mtama na kuirefusha njia. Wale kisimani nao wakaongeza yao: "Ala, huyu ananyonya vizuri." Siku nyingine alinikatalia kabisa: "Leo lala. Mwili nao unataka zamu yake." Raba alizificha, nyayo zikajifunza zenyewe.

Lakini nilichokiona nikiwa nyuma ya yule mama, mwanangu, kilinifunga mdomo. Hakukimbia hata siku moja, na sikumfikia hata siku moja. Alipanda kilima akizungumza, pumzi imetulia kama mtu aliyekaa jikoni. Alipumzika kabla ya kuchoka, akanywa uji kabla ya kuona njaa. Shingo yake haikutikisika. Nikawa namtazama tu, nasahau hata kukasirika. Halafu siku moja, juu ya kilima, niligeuka nikaliona ziwa lote liko chini yangu, na nyumba zetu vidoti tu. Nikaitazama miguu yangu. Ni hii hii iliyonileta hapa? Na bado inataka kwenda?

Tulipoondoka wawili, mashamba yalikuwa yameanza kuiva. Tulilala kwa jamaa zake Kamagambo, tukavuka mto Kuja tumeshikana mikono, maji kifuani, yeye mbele akipima kwa fimbo. Tulifika Suna mjomba wako akifunga vyungu.

Hukunijua. Ulijificha nyuma ya mama yangu, ukanitazama kama karani wa kodi. Nilikufunga mgongoni ukilia, ukinipiga ngumi mpaka nje ya boma. Ulikuwa mzito kuliko mtama wowote, na mtama haupigi mateke. Mgongo ulihimili. Uliposinzia, nikasikia pumzi yako shingoni, nikatembea, nikatembea.

Kwenye mlima wa mwisho mama mkwe akaniita kutoka nyuma. Sikuwa najua kwamba yuko nyuma.

"Nikupokee mtoto?"

"Hapana, mama."

"Haya. Punguza mwendo basi. Mimi ni mzee."

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka kwenda mbali, usianze na huko mbali. Anza na njia ya sokoni, uongeze kidogo kidogo. Kula, lala, na upige hesabu ya kurudi pamoja na mzigo utakaokuwa nao. Wakikucheka waache, wao wamekaa. Na atakayekuambia mwanamke hafiki, mwulize yeye amefika wapi.

Mungu aibariki miguu yako, mwanangu. Akufikishe unakokwenda, na akurudishe nyumbani ukiwa na yule uliyemfuata.