Mlango wa Upande wa Mama

Nyumba yetu ya mtaa wa Pioneer imeuzwa, rafiki yangu, na mimi ndiye niliyetumwa kuondoa vitu vilivyobaki stoo. Nilipoinua turubai la mwisho, harufu ya polishi ya sakafu ikanijia, nami nikarudi utotoni bila kubisha hodi.

Baba alikuwa karani, lakini roho yake ilikuwa kwenye magari. Alinunua chasisi na injini ya gari lililochakaa, akaapa kuliundia bodi mwenyewe, ya faibaglasi, pale nyuma kati ya kamba ya nguo na banda la kuku. Alimwahidi mama kwamba atampeleka kwao magharibi akiwa amekaa mbele, dirisha wazi, wote wamwone. Jirani aliyetuletea mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, alimcheka: "Mzee, hiyo gari ikinyeshewa si itayeyuka kama sukari!"

Kazi ilianza na kalibu ya plasta yenye umbo la boneti. Kalibu hupakwa nta ili kitu kisigande, kisha juu yake unalaza nyuzi za kioo na kuzilowesha rezini, gundi nzito yenye harufu kali, hata chai yetu ikawa na ladha ya rezini. Nyuzi zile zilituwasha, tukajikuna mpaka shuleni. Halafu boneti ya kwanza ikagoma kutoka. Baba alivuta, akagonga kwa nyundo, ikapasuka pamoja na kalibu yake, kwa sababu nta aliipaka mara moja tu, mbiombio.

Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Baba watoto, hata sakafu yangu siipigi polishi mara moja hivyo. Lete hapa."

Tangu siku hiyo nta ikawa kazi yake. Alichukua polishi yake ya sakafu na kipande cha blanketi kuukuu, akapiga, akaacha ikauke, akapiga tena, akiimba nyimbo za kanisani huku mahindi yakiungua jikoni. Boneti ya pili ilitoka kama ugali unaopinduliwa kwenye sahani. Tulishangilia mpaka kuku wakatoroka.

Kisha kikaja kikohozi. Kalibu ya mlango wa kushoto, mlango wake, mama aliipiga polishi akiwa ameketi, akipumzika kila mara. Baba alilaza faibaglasi jioni hiyo hiyo. Kwa baridi ile ya Julai rezini ilichelewa kukauka, na kabla haijakauka mama alilazwa hospitali. Hakurudi. Kwao alifika ndani ya sanduku, nyuma ya pikapu ya kukodi.

Baba hakuugusa mlango ule tena. Alipoulizwa alijibu tu, "Nani ataingilia hapo?" Chasisi ikaenda na watu wa vyuma vikuukuu.

Sasa kamba ya nguo haipo, banda halipo, na hata jirani alishahama. Kilichobaki, chini ya turubai lile, ni kalibu hiyo na mlango ndani yake. Niliingiza kipande cha ubao ukingoni, nikagonga kidogo. Ukaachia. Ukatoka mzima, wa samawati, rangi ambayo baba aliichanganya kwenye rezini, unang'aa kama uliopigwa polishi asubuhi ile. Nikaketi sakafuni nikalia kama mtoto.

Nilimpigia simu baba, ambaye siku hizi anaishi kwa dada yangu.

"Baba, mlango wa mama umetoka."

"Haukushika mahali?"

"Hakuna mahali."

"Nilijua hautashika," alisema. "Ungetoka mara moja, na kazi ya mwisho ya mama yenu ingekuwa imeisha. Ndiyo maana sikuutoa."