Bei ya Kukaa, Bei ya Kubeba

Ukitaka kumuudhi Lalla Batul, katika kichochoro chetu cha Meknes, ilitosha umwambie kwamba kuskusi ya fulani, chakula chetu cha chenga za ngano, nayo si mbaya. Angekutazama kuanzia nyayo hadi utosi, kisha akujibu, "Si mbaya, kwa mwenye njaa." Basi hapo mazungumzo yamekwisha. Alikuwa mjane wa fundi viatu, mwanawe yuko Ubelgiji na humtumia za matumizi kila mwezi bila kukumbushwa, na kila Ijumaa sahani yake kubwa ya udongo ndiyo iliyotangulia kufika msikitini. Kwetu ndivyo tunavyofanya: mwenye nacho hupika, akapeleka, na baada ya swala maskini, msafiri na yeyote asiye na jiko hukaa mkao wa kula. Sahani za wengine zililiwa. Ya Lalla Batul iligombewa.

"Mungu amhifadhi Lalla Batul," angesema Si Mfeddal, yaani Bwana Mfeddal, mtunza msikiti, kila alipofunua mfuniko, na alisema kwa sauti ya kufika mbali. Lalla Batul alikuwa na tabia ya kuacha mlango wake wazi kidogo saa hiyo. Kichochoro ni kifupi, na masikio yake yalikuwa mazima.

Nyumba ya pili kutoka kwake aliolewa Bushra, binti wa kutoka Azru, mji wa milimani, mpole, mwenye haya. Mara ya kwanza Bushra alipopeleka kuskusi msikitini, ilishikana mabonge. Yanatokea, chenga za ngano zinataka kuzoewa. Lakini kesho yake, wanawake wamejipanga tanurini kusubiri mikate, Lalla Batul akapaza sauti.

"Bushra, mwanangu, hebu nisaidie. Jana umewapelekea watu chakula, au umewapelekea kokoto wajengee? Maana nasikia hata paka wa msikitini walinusa, wakasema asante, wakaenda zao."

Wanawake wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Bushra naye akacheka, kwa sababu ukichekwa na Lalla Batul ulitakiwa ucheke pamoja naye. Ila alipochukua mikate yake aliondoka bila kuwaaga watu, na msikitini hakupeleka kitu tena kwa muda mrefu.

Sasa nikuambieni kilichokuwa chini ya ule mfuniko uliosifiwa. Tangu baridi ya mwaka jana vidole vya Lalla Batul vilikuwa vimekakamaa, kila kifungo kimevimba. Mikono ile haikuweza tena kusugua chenga wala kuinua sufuria ya mvuke. Siku moja ilimponyoka, mchuzi ukamwagikia mguu. Akatwambia kateleza hamamu. Ijumaa iliyofuata hakuwa na cha kupeleka, akaona bora afe. Akatia sufuria tupu ndani ya kikapu, akaifunika kwa kitambaa cha meza, akapita njia za nyuma hadi kwa Hajji Buazza, mwenye mkahawa karibu na lango la soko. Huko alijaziwa sufuria, akarudi nayo nyumbani, akaipanga kuskusi kwenye sahani yake ya udongo: nyama katikati, maboga na karoti kuizunguka, dengu na zabibu juu. Sahani ikaenda msikitini. Sifa zikaja mlangoni. Akazipokea.

Na baada ya kuzipokea mara moja, aliona tabu kuziacha. Hata Ijumaa ile ya kokoto za Bushra, ya kwake iliyogombewa ilikuwa imetoka kwa Buazza. Mtu amevikwa kilemba cha ukoka, naye anakiweka sawa kwenye kioo!

Pengine jambo hilo lingeendelea hadi kaburini, lau si bei. Ijumaa moja alifika na kikapu chake, Hajji Buazza akamwambia kubeba sasa ni dirhamu mia na themanini kwa sahani ya watu wanne.

"Mia na themanini? Juzi si mia na ishirini? Hajji, umezika dhahabu chini ya boga?"

"Bibie, usinitazame mimi, itazame dunia. Hawa wapeleka chakula wa pikipiki na masimu yao, kila kinachotoka mlango huu wanang'ata kipande. Weka boksi. Weka mfuko. Weka kijiko cha plastiki."

"Mimi nimekuja kwa miguu yangu. Sufuria yangu. Na kijiko ninacho tangu nilipoolewa."

"Najua, bibie. Lakini nikikupa wewe kwa bei ya zamani, kesho foleni yote itakuja na masufuria. Kinachotoka ni kinachotoka. Ukitaka ya mia na ishirini, panda juu chumba cha familia, kaa, ule kama watu. Mkate juu yangu, mtindi juu yangu, mchuzi ukiisha piga kelele tu."

Hapo na mimi nina la kusema. Zamani zetu kukaa mkahawani ndiyo ilikuwa anasa, na aliyebana matumizi alibeba akala kwake. Siku hizi mambo yamegeuzwa juu chini: anayekaa, akahudumiwa, akaoshewa na vyombo, analipa kidogo; anayebeba akaenda zake anatozwa kwa kosa la kuondoka. Hasira ya Lalla Batul naielewa kabisa. Lakini pesa alikuwa nazo. Angelipa tu, na siri yake ingebaki ndani ya kikapu. Akakataa kulipia boksi asilolichukua, na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Alipanda juu. Akaketi pembeni, akaagiza sahani ya watu wanne.

"Wenzako wako wapi, mama?" akauliza mhudumu.

"Wanakuja."

Mhudumu aliposhuka, Lalla Batul alivuta kikapu kati ya miguu na kuanza kuhamisha kuskusi kwa kijiko kikubwa, huku akitazama ngazi. Vidole vilimuuma, kijiko kiligonga sahani, jasho lilimtoka kama mwizi wa kuku. Akaitisha mchuzi, akaumimina nao. Mhudumu aliporudi alikuta sahani nyeupe.

"Mbona wageni sijawaona wakipita?"

"Wamekula wakaondoka. Wewe ulikuwa umelala."

Alifanya hivyo Ijumaa kadhaa, na kila mara alijiambia hii ndiyo ya mwisho. Kisha akaingiwa na tamaa nyingine ndogo. Watu wa meza za jirani walikuwa wakiacha mikate mizima, ya bure ile, na sisi mkate hatuutupi. Akaanza kuupitia mezani kwao wakishaondoka, akaukung'uta, akautia kikapuni.

Hivyo ndivyo Bushra alivyomkuta. Kaka yake alikuwa amekuja kutoka Azru kumsalimu, wakaja kula. Bushra alitangulia ngazi, akatokeza kichwa, na mbele yake amesimama Lalla Batul, ameinamia meza ya watu walioondoka, mkono mmoja una kipande cha mkate kilichokwisha kumegwa, na kikapuni sufuria iko wazi inatoa mvuke.

Walitazamana. Lalla Batul alingoja kicheko. Badala yake Bushra aligeuka haraka, akamshika kaka yake mkono, akamwambia, "Tukae chini, huku juu kuna joto," wakashuka.

Lalla Batul alirudi nyumbani kwa njia za nyuma. Sahani ilienda msikitini kama kawaida, lakini siku hiyo aliufunga mlango asisikie sifa. Wiki nzima hakwenda tanurini. Akilini aliwaona wanawake wale wamejipanga, Bushra yuko katikati anasimulia, wanashika mbavu. Alitunga majibu. Usiku aliyarudia kama mtoto anayehifadhi sura: atasema alikuwa anamchukulia jirani mgonjwa; atasema Bushra haoni vizuri; atasema wa milimani ni waongo tangu asili. Hakuna hata jibu moja lililomtuliza, kwa kuwa kila alipolimaliza aliuona tena ule mkono wake na mkate wa watu.

Ijumaa ikafika, asithubutu kwenda kwa Buazza. Alijilaza, akaamua kuwa na homa. Adhana ya pili ilikuwa imeshapita pale mlango ulipogongwa.

"Lalla, nifungulie, naungua mikono."

Alikuwa Bushra. Lalla Batul alifungua mlango kwa kishindo, tayari kwa vita.

"Umekuja kunicheka? Haya, cheka. Waite na wenzako."

"Nicheke nini, mama? Pokea kwanza." Akampa sahani iliyofunikwa, nzito, ya moto, akaingia na kuusukuma mlango kwa mgongo. Akashusha sauti. "Sijamwambia mtu. Hata mume wangu hajui, na kaka yangu hakuona. Lakini wiki nzima sijalala. Nikasema, huyu mama kila Ijumaa anatoa chakula chake chote kwa watu, halafu mwenyewe anaokota mabaki. Mwanao ameacha kutuma?"

Lalla Batul aliiegemeza sahani kifuani.

"Usione haya kwangu," Bushra akaendelea. "Na yale ya kokoto yamekwisha, wallahi. Mtu mwenye njaa hasira haiko mbali naye. Ningejua, ningekuja zamani. Hii nilikuwa naipeleka msikitini, nikasema hapana, mwenye haja yuko mlango wa pili. Ukiimaliza niwekee sahani nje, nitaipitia."

Hakuna tusi lililowahi kumchoma Lalla Batul kama upole ule. Aliona njia ya kutokea, tena pana: aitikie tu, aseme Mungu akulipe, awe maskini mwenye subira, na Bushra atamheshimu kuliko jana. Midomo ilikwisha kuanza kufunguka. Ila mvuke wa ile sahani ulimfikia puani, akainua ukingo wa mfuniko kwa kidole. Chenga zilikuwa zimeachana moja moja, laini, zinang'aa samli. Binti huyu alikuwa amejifunza peke yake, bila mtu wa kumwelekeza, na aliyepaswa kumwelekeza alimgeuza kichekesho mbele ya wanawake.

"Sina njaa, Bushra."

"Najua, mama. Hapa hakuna mwenye njaa. Kula tu."

"Nakwambia sina njaa! Mwanangu anatuma. Nilikuwa nanunua. Kuskusi yote hiyo ninayopeleka msikitini ni ya Buazza, mikono yangu haipiki tena. Kubeba amepandisha bei, ndiyo maana nakaa, nafanya kama nakula, naihamisha kwenye sufuria. Mkate nao nachukua kwa sababu ni wa bure. Basi."

Bushra aliitazama ile mikono.

"Tangu lini?"

"Tangu baridi ya mwaka jana."

"Na ile Ijumaa ya kwangu? Uliyonisema pale tanurini?"

"Ya Buazza."

Lalla Batul alitaka apigiwe kelele. Kelele angeziweza, kelele alizijua. Bushra alinyoosha mikono yote miwili akaichukua sahani yake polepole, asije akaimwaga.

"Hii nimeitoa kwa mwenye haja, Lalla," alisema. "Si yako."

Akatoka. Lalla Batul akabaki kizingitini, viganja vimeachwa vyekundu kwa moto wa sahani. Watu walikuwa wanatoka kuswali, wengine wameshaketi kwenye mikeka barazani. Si Mfeddal alimwona Bushra akija, akanyoosha shingo kutazama nyuma yake.

"Na ya Lalla Batul leo? Watu wamekaa wanaisubiri."

"Lalla anaumwa mikono," Bushra akasema.

Hivyo tu. Hakusema zaidi, ingawa wakati huo angeweza kusema lolote na sisi sote tungesikia. Lalla Batul alisikia, na uso ukamwaka. Yule ambaye yeye alimfanya kichekesho mbele ya watu ndiye huyo anamsitiri mbele ya watu.

Si Mfeddal alifunua sahani. Akainama, akanusa, akacheka kwa furaha.

"Anaumwa mikono gani! Tazameni hizi chenga. Huyu binti kaibeba tu, mpikaji ni yule yule. Mungu amhifadhi Lalla Batul!"

"Amin," wakaitikia watu, mikono ikaelekea sahanini. Bushra aliinamisha kichwa. Akajifuta mikono kwenye nguo, akaanza kurudi.

Mlango ungeweza kufungwa wakati ule. Ulikuwa wa kusukuma kwa bega tu. Lalla Batul alitoka bila ndara, kichwa kimefunikwa nusu, akapita mbele ya Bushra asiweze kumtazama, akasimama karibu na mikeka ya wanaume, mahali ambapo hajawahi kusimama maisha yake yote.

"Si Mfeddal," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba. "Hiyo ni kazi ya Bushra, toka chenga hadi zabibu. Mimi sijapika tangu baridi ya mwaka jana. Mlichokuwa mkila ni cha Buazza, na mlikuwa mkinisifu, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango nawasikiliza."

Mmoja alitaka kucheka, jirani yake akamkanyaga mguu. Wengine walikodolea macho chakula. Si Mfeddal, maskini, aligeuza mfuniko mikononi akitafuta la kusema. Mwishowe akasema lile analomwambia kila anayesimama mbele ya sahani asiye na mwenyeji.

"Karibu ule, mama. Kipo cha kutosha."

Lalla Batul akabaki amesimama pale mbele ya chakula cha Bushra, asijue aiweke wapi mikono yake.