Vigae Juu ya Kaunta ya Mama Mdogo

Baba Mdogo ni fundi vigae, na mtaa mzima unamwita Milimita. Bafu la daktari, ukumbi wa benki, ngazi za shule, kote huko mkono wake umepita. Sasa njoo kwake. Mlango wa bafu ulifungwa kwa kamba, na kaunta ya katikati ya jiko ilikuwa aibu tupu. Formaika, lile ganda la juu, imebanduka, duara jeusi la sufuria ya moto linakutazama, kona moja imevimba kwa maji hadi chungwa ukiliweka linabingirika lenyewe. Na msiniletee habari za mganga hajigangi. Huo ni uvivu uliotafutiwa methali.

Mama Mdogo hukanda mkate hapo kila asubuhi. Alivumilia miaka kumi na moja. Jumatatu moja akasema, bila hata kugeuka:

"Baba, wakwe wanakuja Jumamosi. Ikifika Ijumaa kaunta iko hivi, namwita Chapuchapu."

Chapuchapu ni mwanafunzi wa zamani wa Baba Mdogo, siku hizi fundi kamili, anamaliza bafu kabla chai haijapoa.

"Aingie jikoni kwangu? Yule anapima kwa jicho, tena moja!"

"Hilo moja linafika kazini."

Fundi awekewe vigae na mwanafunzi wake, ndani ya nyumba yake! Habari hiyo ingefika mtaa wa tatu kabla gundi haijakauka. Kesho yake alfajiri Baba Mdogo alikuwa jikoni, magoti chini.

Nampa haki yake, kazi ilikuwa kazi. Kaunta ya zamani hakuing'oa, alisema bado ngumu, itabeba. Akaisugua hadi mafuta yakatoka, akaipiga msasa, akalaza plaiwudi mbili nene juu yake ili ile kona isawazike. Akapanga vigae vikavu kuanzia katikati, akavitoa, akavipanga tena. Gundi akaitandaza kwa mwiko wenye meno. Kila kigae kilikaguliwa kwa pima maji, na kiputo cha hewa ndani yake kikihama unywele mmoja tu, kigae kinang'olewa.

"Mama, usipumulie huku."

"Nikapumulie wapi, kwa jirani?"

Ijumaa asubuhi mianya imezibwa, vigae vinang'aa, akamwita mkewe. Mama Mdogo akaja na bakuli la unga. Alibwaga donge la unga juu ya kaunta, akaanza kukanda. Viwiko vikampanda hadi mabegani, kama kuku anayetaka kuruka ukuta. Ni mfupi, tusizungukezunguke. Na plaiwudi mbili, gundi na vigae vilikuwa vimeinua kaunta vidole vitatu. Milimita alipima kila kitu, akasahau kumpima mwenye jiko.

"Baba, hii ni kaunta au jukwaa la hotuba?"

"Iko sawasawa! Tazama kiputo!"

"Kiputo ndicho kitakanda mkate?" Akafuta mkono, akachukua simu. "Ngoja nimtafute Chapuchapu."

"Mama watoto, nipe hadi saa kumi."

"Saa tisa."

Mtu mwenye kiburi angebisha hadi jioni. Baba Mdogo alitoa futi yake, akamsimamisha mkewe kando ya kaunta, akampima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko.

"Usijirefushe."

"Sijirefushi. Ndiyo yote hii."

Akapima mara mbili. Kumbe hata kaunta ya zamani ilikuwa juu mno. Miaka yote ile mkewe alikuwa anakanda mkate kwa ncha za vidole vya miguu, na yeye anakula anasifu.

Akakata mbao zilizobaki, akatengeneza kipandio, karibu shubiri nzima kwenda juu, kirefu kama kaunta yenyewe. Chini akagongelea vipande vya ndala kuukuu kisiteleze. Vigae vya kukipamba vilikuwepo, lakini gundi isingekauka, kwa hiyo akaacha mbao tupu, na ilimuuma kama jino.

Saa tisa kasorobo Mama Mdogo akapanda. Akakandamiza donge kwa uzito wake wote, likalainika. Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu waoane, macho yake yakawa usawa mmoja na ya mumewe. Baba Mdogo akarudi nyuma hatua moja.

"Unakwenda wapi?" Mama Mdogo akatumbukiza simu mfukoni mwa aproni. "Simama hapohapo. Tuanze na mlango wa bafu."