Wageni wa Kukodi

Watu walimwita Mama Mashuka, naye jina hilo hakulikataa, kwa kuwa katika maisha yake hakuna kitu alichokishika zaidi ya mashuka ya watu wengine. Alikuwa mtandikaji wa vitanda katika hoteli kubwa ya kisiwa. Aliweza kuingia chumba alimotoka mgeni, na kabla hajafungua pazia akajua kama mtu huyo alilala vizuri, kama aligombana na mkewe, au kama anaumwa na anaficha. Mashuka yalimwambia.

Mumewe aliitwa Chumvi. Mahali ilipo hoteli palikuwa na mabwawa ya chumvi, na ndimo alimokulia, akiingiza maji ya bahari, akiliachia jua lifanye kazi yake, kisha akikokota ile nyeupe iliyobaki mpaka kwenye ukingo. Ukimpa mkono ulihisi umeshika gome la mti. Watu wa kisiwa walioa kwa chumvi, wakajenga kwa chumvi, na walipokwenda ng'ambo hakuna aliyewauliza wanatoka wapi, maana chumvi yao ilikuwa imewatangulia. Halafu wakaja watu wenye ramani. Wakasema mahali pale panapendeza mno kuachiwa chumvi. Mabwawa yakafukiwa, na juu yake zikapandwa nyasi ambazo hakuna ng'ombe aliyeruhusiwa kuzigusa. Tangu hapo chumvi ikawa inaletwa na meli, ndani ya pakiti zenye picha ya bahari, na hakuna aliyeona kichekesho hicho. Chumvi mwenyewe akapewa toroli la kubebea majani makavu.

Meli iliyoleta chumvi ndiyo iliyoleta vitunguu na mayai, na ilikuja kwa sababu moja tu, kuleta wageni. Kinyozi aliishi kwa wageni. Fundi cherehani aliishi kwa wageni. Hata mwalimu aliyestaafu, mtu aliyewahi kufundisha nusu ya kisiwa hesabu, alishinda langoni mwa hoteli akiwaonyesha njia ya kwenda ufukweni, njia ambayo hata kipofu asingeikosa.

Kisha wageni wakaacha kuja. Huko kwao kulitokea jambo. Wengine walisema ni vita, wengine ugonjwa, wengine walisema ni fedha zao tu zimelala. Hakuna aliyejua kwa hakika, kwa sababu kisiwa hakikuulizwa. Meli ilikuja na wageni wachache, ikaja na wachache zaidi, halafu ikaja na nahodha na maboksi. Vitunguu vikaadimika. Watu walikwenda kusimama ukingoni mwa zile nyasi na kuzitazama, mahali yalipokuwa mabwawa.

Hotelini muziki uliendelea kupigwa kando ya bwawa la kuogelea. Meneja aliagiza meza zipangwe kila asubuhi, na ziondolewe kila jioni bila sahani iliyoguswa. Mama Mashuka aliagizwa kubadilisha mashuka ya vyumba ambamo hakulala mtu. Alitoa safi akatandika safi. Alikuwa peke yake katika korido ndefu, mchana kweupe, jua likimulika sakafuni, na mara mbili alisimama na mashuka kifuani akisikiliza, kwa kuwa alihisi nyuma ya milango ile watu wamekaa kimya wakingoja amalize apite.

Ndipo ikaja habari ya mawakala. Walikuwa watu wanaowapangia wageni mahali pa kwenda, na sasa walizunguka visiwani kuangalia kipi bado kina uhai. Siku yao ya kufika haikutajwa. Meneja aliwakusanya wafanyakazi katika chumba cha kufulia, akawaambia kwamba mgeni haendi pasipo na wageni. Hoteli tupu inatisha. Kwa hiyo angekodi watu wa mjini wakae vyumbani, wale, waogelee, mpaka mawakala waje na kuondoka. Nguo zingetoka katika stoo ya vitu vilivyosahauliwa, kofia, miwani ya jua, mashati ya maua. Masharti yalikuwa mepesi. Wasibebe kitu chochote. Wasimjue mtu. Wasirudi nyumbani hata mara moja.

Akamchagua kinyozi, akamchagua mwalimu, na watu wengine wawili. Halafu akamzunguka Chumvi kama mtu anayenunua kabati, akasema huyu ana kimo na hana maneno, atafaa. Akampa chumba namba tisa.

Kabla ya kwenda, mkewe alimfundisha nyumbani, kwa sababu hakuna aliyewajua wageni kama yeye. Mama mkwe, mama yake Chumvi, alikuwa amelala kitandani kwake karibu na dirisha. Miguu ilikuwa imemkatalia, lakini ulimi ulikuwa mzima. Chumvi alikaa kwenye kiti, Mama Mashuka akammiminia chai, na kila mara Chumvi alinyanyuka kuishika birika amsaidie.

"Kaa," mkewe alimwambia. "Usimtazame anayekumiminia. Chai inakuja yenyewe, kama mvua."

Akafagia karibu naye. Chumvi akanyanyua miguu. Akamwambia asinyanyue. Mtu anayefagia hayupo.

Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu anafundishwa uvivu na mkewe," alisema. "Marehemu baba yake aliujua bila mwalimu."

Iliyobaki ni mikono, maana mikono ile ingewaumbua wote. Mama Mashuka alileta kopo la mafuta lililosahauliwa na mgeni fulani, akawa anamkanda viganja kila jioni. Ngozi ngumu ikalainika, kisha ikaanza kubanduka, vipande vikubwa vilivyokauka, akavikusanya kwenye karatasi na kuvitupa jalalani. Chini yake palikuwa na ngozi nyororo, ya rangi nyingine kidogo. Chumvi aliitazama kwa muda, kisha akaificha mikono mapajani.

Siku za mwanzo kule hotelini zilikuwa za kucheka. Mama Mashuka akiingia namba tisa na ndoo yake, mumewe alikuwa amejinyoosha kitandani na kofia nyeupe usoni, akimuuliza kwa sauti ya kibwana kama kunguni wa chumba hiki wanalipiwa au ni wa bure. Waliziba midomo wasisikike. Kando ya bwawa kinyozi alivaa shati la maua lililotosha watu wawili, na mwalimu alisoma gazeti la lugha asiyoijua, akitikisa kichwa kwa masikitiko kila alipofungua ukurasa.

Lakini mawakala hawakuja. Wageni wa kukodi waliendelea kukaa, na kicheko kikapungua siku hadi siku, bila mtu kusema kimepungua. Mke wa kinyozi alipita nje ya lango akaita. Kinyozi aligeuza shingo taratibu, akamtazama kama mtu anavyotazama ndege, akarudi kwenye kinywaji chake. Mwalimu akaacha kutikisa kichwa. Sasa alisoma kimya, ukurasa baada ya ukurasa, na macho yake yalifuata mistari.

Asubuhi moja Mama Mashuka alivua shuka la namba tisa akabaki amelishika. Maisha yao yote mumewe alilala kwa ubavu, amejikunja, kisigino kikisugua kitambaa mpaka kitoboke. Shuka lile lilikuwa la mtu aliyelala chali, amenyooka, asiyejigeuza. Alilinusa. Halikuwa na harufu mbaya, wala nzuri, wala ya mtu anayemjua.

Chumvi alikuwa amekaa barazani akiitazama bahari. Mkewe akatoka, akafagia karibu na miguu yake. Haikunyanyuka.

"Mama anakuulizia," alimnong'oneza. "Hali yake si nzuri. Jana hakula."

Chumvi alirekebisha kofia yake. "Pole sana," alisema, kwa Kiswahili cha polepole, kila neno peke yake, kama mtu aliyekisoma kitabuni akiwa ndani ya ndege.

Mama Mashuka alijiambia kwamba mume wake amekuwa hodari wa kuigiza, kwamba huenda meneja alikuwa karibu wala yeye hakumwona. Akainua ndoo akaenda zake. Nyumbani mama mkwe alimwambia kwamba mshahara wa mwanawe hautaki, anamtaka yeye mwenyewe. Afike hata na hizo kofia zao. Mama Mashuka alimwahidi. Mawakala wakishaondoka tu, atamleta. Alimshika mkono, akarudia: atamleta.

Mawakala walikuja siku ya jua kali, mwanamume na mwanamke, wakala chakula cha mchana mezani pamoja na wale wageni, wakafurahi. Kisha wakataka kuona maisha ya wenyeji. Meneja alikuwa amejiandaa. Mtaa ulikuwa umeagizwa kusimama milangoni, kutabasamu, na kutomjua mtu yeyote. Nyumba ya kuingia ilikuwa ya Mama Mashuka, kwa sababu ya usafi wake, naye akatumwa mapema aende kuwangoja.

Mawakala, meneja na wageni wa kukodi waliuteremka mtaa mchana wa saa zile ambazo kivuli cha mtu kiko chini ya miguu yake. Majirani walitabasamu kama walivyoambiwa. Kinyozi alipita mbele ya duka lake lililofungwa, akalipiga picha kwa kamera isiyo na kitu ndani. Hakuna mtoto aliyemkimbilia, hakuna jirani aliyetania. Mtaani kote zilisikika nyayo tu.

Mlango wa nyumba ile ulikuwa mfupi. Chumvi alizaliwa katika nyumba hiyo. Tangu alipofikia kimo chake alikuwa akiinama hapo bila kufikiri, hata akiwa usingizini, hata akiwa amebeba jeneza la baba yake. Siku ile alijigonga paji la uso, pu. Akashika kofia, akacheka kwa adabu, akaingia.

Chumvi akamwendea bibi kizee kitandani, akampungia mkono.

"Jambo, mama."

Mama mkwe alimtazama muda mrefu. Kisha akaongea na meneja, kwa sauti ya chini, bila kumwondolea macho yule mtu mwenye kofia.

"Mwambie mgeni wako, akimwona mwanangu huko hotelini, amweleze kwamba mama yake bado anapumua."

Meneja aliwageukia mawakala akawatafsiria kwamba bibi anawakaribisha kwa moyo mkunjufu. Mawakala wakaweka mikono vifuani. Lakini Chumvi alikuwa amesikia. Alitikisa kichwa, mwenye huruma kabisa.

"Nitamwambia," alisema.

Walipotoka, mama mkwe aligeukia ukutani. Mama Mashuka alimwambia kwamba ule ni mchezo, mama, ni kazi tu, jioni atakuwa hapa amekaa na sisi.

Mambo yalikwenda vizuri kwa kisiwa. Mawakala walisema wageni wataletwa, meli nzima. Meneja alipiga makofi kando ya bwawa, akawarudishia watu nguo zao. Mwalimu alivua miwani akapepesa macho kama kifaranga, akauliza leo ni siku gani. Kinyozi alikaa na lile shati kwa kitambo, kisha akalivua, akalikunja vizuri mno, akaenda nyumbani kwa mkewe akipapasa kuta za mtaa. Nguo za Chumvi, suruali yake ya bustanini na fulana iliyopauka, zilibaki juu ya kiti. Hakuna aliyezifuata.

Mama Mashuka alimkuta gatini. Alikuwa amesimama kwenye foleni ya boti nyuma ya mawakala, na begi dogo miguuni. Baharia aliyekuwa akipokea tiketi alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, akamcheka. "Bwana Chumvi, ngoma imekwisha, shuka jukwaani. Nenda kamwone mama." Chumvi alimtazama kwa upole wa mtu anayesikia lugha nzuri asiyoielewa, akajisogeza kando awapishe wengine. Boti ikaondoka. Yeye akakaa kwenye benchi, mgongo umenyooka, akaingoja nyingine.

Mkewe akakaa pembeni yake. Alimwita kwa jina lake, akamwita baba watoto. Alimkumbusha mabwawa, na jinsi walivyokuwa wakipima ukali wa maji kwa kuonja, na ile siku aliyoteleza akatumbukia na nguo za harusi za kuazima. Alimtajia watoto wao waliokwenda ng'ambo, mmoja mmoja. Akamshika mkono, ule mkono aliouosha na kuukanda yeye mwenyewe mpaka ukabanduka, na ulikuwa laini kama wa mtoto wa kike, nao ulikaa ndani ya mkono wake bila kukataa na bila kushika. Jua lilianza kupoa. Chumvi alitabasamu kila mkewe alipomaliza kusema, lile tabasamu la wageni, alilolijua mkewe kuliko mtu yeyote, maana ndilo lililomlisha miaka yote.

Mkewe akaikumbuka ahadi yake kwa yule aliyegeukia ukutani kule nyumbani. Kisha akasimama, akajifuta machozi kwa kanga, akaunganisha mikono mbele ya tumbo kama alivyofunzwa siku ya kwanza ya kazi.

"Karibu, bwana," alisema. "Chumba kiko tayari."

Chumvi aligeuka mara moja. Uso ukamchangamka. Hakumtazama yeye, alitazama mkono utakaopokea begi.

Mama Mashuka akaliinua. Lilikuwa jepesi, halikuwa na kitu. Akatangulia, na mumewe akafuata nyuma, hatua chache, akitazama kushoto na kulia zile nyumba, akiwasalimu watoto wa mtaa kwa neno moja lile lile. Watoto hawakuitikia. Majirani waliingia ndani, mmoja baada ya mwingine, wakarudishia milango bila kelele.

Mama mkwe alisikia nyayo mlangoni. Akauliza, bila kugeuka, kama amemleta.

Mama Mashuka alisimama na lile begi mkononi. Nyuma yake mtu alikuwa akingoja kuonyeshwa pa kukaa.

"Tuna mgeni, mama," akasema. "Jisogeze kidogo, tumpe nafasi."