Ushuhuda wa Kipa

Ligi ilipokaribia kuanza, Audace Nahimana alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa timu yake kupanda daraja. Timu ilikuwa haijacheza hata mechi moja! Lakini katika kanisa lile la Warundi na Wakongo, pale ugenini South Beach, ndivyo wanavyofanya: unashukuru kabla hujapokea, ili shetani akose pa kupitia. Vigelegele vikapigwa. Audace, kipa wa kulipwa, mtoto wa Bujumbura, alirudi kuketi kichwa kimemvimba.

Maskini, hakujua kwamba amejifungia mlango mwenyewe.

Msimu ulikuwa aibu tupu. Mabao yaliingia kama wageni wa harusi, na mwishowe timu ikashuka daraja badala ya kupanda. Sababu Audace aliijua mapema: jicho lake la kulia lilikuwa linafifia. Mpira wa juu aliuona ukiwa umeshamfikia. Rafiki yake Bonheur alikuwa tayari kumpa kazi ya kuuza viatu, naye aliitamani kweli kweli. Ila kila Jumapili Pasta Cédric alimsimamisha: "Papa Audace, timu yetu iko wapi?" Angejibu nini? Mtu aliyekwisha kushukuru akilalamika, ni kama amemwita Mungu mwongo. Hata mkewe Lyse, aliyejua habari za jicho, alimsihi anyamaze. Basi akawa anajibu, "Tunapanda, Pasta."

Jumapili baada ya kushuka daraja, pasta alimpa maikrofoni aeleze msimu umewafundisha nini. Lyse alimvuta shati. Audace akasimama hivyo hivyo.

"Shetani hakutufunga," alisema. "Ni mimi. Jicho moja halioni vizuri. Nimechoka, wapendwa. Naacha mpira."

Audace alivuta pumzi, akasikia mwili umekuwa mwepesi.

Pasta Cédric akainua mkono, akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo: "Munasikia? Shetani anataka kutunyang'anya ushuhuda! Kujeni tumuombee. Jicho litapona, na msimu unaokuja Papa Audace iko golini! Amina?"

"Amina!"

Wakamzunguka. Mikono ikarundikana kichwani na mabegani. Audace alimtafuta Lyse kwa jicho lake zima, aje amtoe pale. Kumbe alikuwa karibu kuliko wote. Kiganja chake ndicho kilichofunika lile jicho bovu, naye alikuwa akilia na kuomba kwa sauti, mume wake aone, arudi golini.